Vikombe Vinane na Neno Moja: Juu ya «Muhimu» katika Maandishi ya Utafiti

Katika tasnifu nyingi za Kiswahili zihusuzo uchumi, afya au elimu husomwa sentensi ya namna hii: «Tofauti iliyoonekana ni muhimu kitakwimu.» Ni sentensi fupi yenye sauti ya uhakika, na aghalabu ndiyo ibebayo uzito wa sura nzima. Mwandishi akishaiandika huona kazi imekwisha. Msomaji akishaisoma hukubali na kufungua ukurasa unaofuata. Hata hivyo, ikichambuliwa neno kwa neno, huonekana kwamba haisemi kile ambacho wengi hudhani inasema. Wala kosa hilo halikuanzia kwa mfasiri wa Kiswahili. Lilikuja limefungwa ndani ya neno la Kiingereza «significant», ambalo katika vyuo vikuu vya Kongo hupokewa kwa njia ya Kifaransa kama «significatif».

Maneno hayo mawili yana asili moja katika Kilatini: signum, yaani alama, na facere, yaani kufanya. Kitu kilicho «significatif» ni kitu kinachotia alama, kinachoashiria jambo lililo nyuma yake. Francis Edgeworth, mchumi aliyezaliwa Ireland, alipolitumia neno hilo katika maandishi ya takwimu mwaka 1885, aliuliza swali la kiasi tu: je, tofauti kati ya wastani huu na ule inaashiria chochote, au imeletwa na nasibu? Swali lake halikuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, wala faida yake kwa watu. Baadaye katika Kiingereza cha kawaida maana ya kuashiria ilififia, ikatawala maana ya uzito na ukubwa. Neno la kitaalamu likabaki na umbo lake huku msingi wake umehama. Kiswahili kilipokuja kutafsiri, kilitafsiri ile maana mpya. «Muhimu» ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake wahusu jambo linaloshughulisha moyo, linalomtia mtu wasiwasi. Ni vigumu kupata neno lililo mbali zaidi na swali la Edgeworth.

Umbali huo waonekana wazi katika mfano maarufu wa Ronald Fisher, uliomo katika kitabu chake The Design of Experiments cha mwaka 1935. Bibi mmoja adai kwamba akionja chai ya maziwa aweza kutambua kama maziwa yalitiwa kikombeni kabla ya chai au baada yake. Fisher apendekeza atengewe vikombe vinane, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vikipangwa kwa kura, naye achague vile vinne anavyodhani vilitangulizwa maziwa. Namna za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70. Kwa hiyo mtu anayebahatisha tu ana nafasi 1 kati ya 70 ya kupatia vyote, yaani karibu 0,014. Akipatia vitatu na kukosea kimoja, hali hubadilika kabisa: matokeo hayo yaweza kupatikana kwa namna 16, na ikijumlishwa ile moja ya kupatia vyote, mbahatishaji ana nafasi 17 kati ya 70 ya kufanya vizuri kiasi hicho au zaidi. Hiyo ni karibu robo, na kwa robo hakuna anayeshangaa.

Tuseme bibi amepatia vyote vinane. (Fisher kitabuni hakueleza mambo yaliishaje, na huenda kunyamaza kwake ndiko kulikoufanya mfano udumu.) Mtafiti wa Kiswahili atayaita matokeo hayo «muhimu». Muhimu kwa nani? Hakuna aponaye wala afaye kwa sababu maziwa yalitangulia chai. Hesabu ina nguvu, na jambo lenyewe ni dogo kama kijiko cha sukari. Tena, ile 1 kati ya 70 si uwezekano wa kwamba bibi alikuwa akibahatisha. Ni uwezekano wa kupata matokeo kama hayo iwapo angekuwa akibahatisha. Wanafunzi wengi, na baadhi ya walimu wao, huona maneno hayo mawili kuwa moja. Lakini mvua kubwa hulowesha uwanja karibu kila inaponyesha, na bado mwenye kuukuta uwanja umelowa asubuhi hajapata uhakika kwamba usiku mvua ilinyesha. Labda bomba limepasuka.

Mpaka wa 0,05, ambao leo huandikwa katika vitabu vya mbinu kana kwamba ulishuka pamoja na sheria za maumbile, nao watoka kwa Fisher. Mwaka 1925, katika Statistical Methods for Research Workers, aliona kwamba 1 kati ya 20 ni mpaka unaofaa kwa kazi. Kufaa huko kulikuwa kwa urahisi tu. Mwaka 1956, katika kitabu kingine, aliandika kwa mkazo kwamba hakuna mwanasayansi anayeshika kiwango kimoja cha kukataa dhana katika kila mwaka na katika kila hali. Waliomfuata walilishika lile la kwanza wakaliacha hili la pili.

Yaliyotendeka kutokana na mpaka huo hayaonekani vizuri popote kama katika utafiti wa mwenendo wa walaji. Kwa miaka mingi Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikuwa mwandishi asomwaye kuliko wengi katika fani hiyo. Mwaka 2005 yeye na wenzake walieleza jaribio la mabakuli ya supu yaliyojazwa kisirisiri kwa mpira uliopita chini ya meza: kati ya watu 54, wale waliopewa mabakuli hayo waliripotiwa kunywa supu zaidi ya wenzao kwa asilimia 73, wala hawakujihisi kuwa wamekunywa zaidi. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2009 aliongoza kituo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia miongozo ya lishe. Mvuto wa maandishi yake ni dhahiri. Kila makala ina hila moja ya kukumbukwa, sahani, rangi, jina la chakula, na mwishoni tarakimu moja isiyotaka ubishi. Ni hadithi fupi zilizovaa joho la hesabu.

Mwezi Novemba mwaka 2016 Wansink mwenyewe alieleza hadharani, kwa fahari, jinsi alivyomkabidhi mtafiti kijana data za mkahawa mmoja wa Kitaliano ambazo dhana yake ya mwanzo ilikuwa imeshindwa, akamhimiza atafute ndani yake kitu cha kuokoa. Kijana alitafuta, makala zikatoka. Wansink alikusudia kusifu bidii. Wasomaji wenye ujuzi waliona jambo jingine, nao walikuwa na haki. Ikiwa hakuna tofauti yoyote ya kweli, na mtu akauliza maswali 20 yasiyotegemeana kwa mpaka wa 0,05, uwezekano wa kukosa jibu lolote «muhimu» ni 0,95 ikizidishwa kwa nafsi yake mara 20, yaani karibu 0,36. Maana yake, katika majaribio 100 ya namna hiyo, 64 yatatoa walau ugunduzi mmoja wa uongo bila mtu yeyote kusema uongo. Akigawanya walaji kwa jinsia, kwa umri, kwa meza walizokalia na kwa bei waliyolipa, maswali 20 hupatikana kabla ya chakula cha mchana.

Mwezi Januari 2017 Tim van der Zee, Jordan Anaya na Nicholas Brown walionyesha katika makala nne zilizotokana na data hizo mahali takriban 150 ambapo tarakimu hazikukubaliana. Uchunguzi ukaenea kwenye kazi nyingine. Makala moja iliyodai kwamba watoto huvutiwa na tofaa lililobandikwa picha ya mwanasesere wa televisheni ilisema watoto hao walikuwa na umri wa miaka 8 hadi 11. Baadaye ilikubaliwa kwamba walikuwa wa miaka 3 hadi 5. Mwezi Septemba 2018 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, na majarida yaliyo pamoja nalo yalitangua makala sita kwa siku moja, na Cornell ikatangaza kwamba Wansink alikiuka maadili ya utafiti na angestaafu mwaka uliofuata. Yeye alikubali kwamba palikuwa na makosa ya hesabu na ya uandikaji, akakanusha kwamba alighushi. Kwa uhakiki wa maandishi, kukanusha kwake kuna uzito kuliko kosa lenyewe. Yawezekana kabisa kwamba mtu huyu aliamini neno «significant» kama wengi wanavyoliamini, akadhani kwamba kila anapolipata amegundua kitu. Katika hali hiyo neno lilimpotosha yeye kwanza, kisha wasomaji wake.

Wataalamu wa tiba waliujua mtego huo zamani. Jaribio kubwa lililoitwa ISIS-2, lililochapishwa katika The Lancet mwezi Agosti 1988, lilihusu wagonjwa 17 187 walioshukiwa kushikwa na shambulio la moyo. Walipewa aspirini, au dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au zote mbili, au vidonge visivyo na dawa, kila mmoja kwa kura. Vifo vya moyo na mishipa katika wiki tano vilikuwa asilimia 9,4 kwa waliopewa aspirini na 11,8 kwa wasiopewa. Maana yake ni vifo 24 vilivyozuiwa katika kila wagonjwa 1000, kwa dawa ya bei ya peremende. Hilo ni jambo muhimu kwa maana kamili ya Kiswahili.

Wahariri, hata hivyo, walitaka wajue aspirini iliwafaa akina nani hasa: wazee au vijana, wanaume au wanawake? Watafiti waliona hatari ya kuigawanya hesabu vipande vipande. Walikubali, lakini waliweka pia mgawanyo mmoja wa ziada, wa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa. Ikaonekana kwamba waliozaliwa katika nyota ya Mapacha au ya Mizani walidhurika kidogo na aspirini, na wengine wote walinufaika sana. Mganga wa falaki angefurahi. Watafiti walikusudia mzaha, na mzaha huo ni hoja ya hisabati iliyokamilika: mwenye kukata vipande vya kutosha hupata chochote atakacho. Tofauti kati ya kundi la ISIS-2 na maabara ya Cornell haikuwa katika fomula walizozitumia, kwa kuwa zilikuwa za ukoo mmoja. Hawa wa 1988 waliichapisha nyota ya Mizani ili wasomaji wacheke.

John Ioannidis aliigeuza hoja hiyo kuwa shtaka la jumla mwaka 2005, katika insha ambayo kichwa chake chadai kwamba matokeo mengi yachapishwayo ni ya uongo. Hoja yake yaweza kufuatwa kwa hesabu ya darasa la sekondari. Chukua dhana 1000 za tiba, na kati yake 100 ziwe za kweli. Majaribio yenye nguvu ya kutosha yatatambua 80 kati ya hizo 100. Kati ya zile 900 za uongo, asilimia 5, yaani 45, zitapita kwa nasibu. Jumla ya zilizopita ni 125, na za kweli ni 80: asilimia 64. Sasa punguza idadi ya wagonjwa, kama inavyofanyika pasipo na fedha, hata majaribio yatambue 20 tu kati ya 100. Zinazopita ni 65, na za kweli ni 20. Hazifiki theluthi. Neno «muhimu» limebandikwa juu ya zote 65 kwa haki ileile.

Insha hiyo imesifiwa sana, na kwa sehemu kubwa yastahili. Ina kasoro moja ambayo wanaoinukuu hawaitaji. Idadi ya dhana za kweli kati ya zote haikupimwa, ilikisiwa. Anayeanza na 100 kati ya 1000 hufika hapo juu, na anayeanza na 500 hufika kwingine kabisa. Mwaka 2014 Leah Jager na Jeffrey Leek, wakisoma muhtasari wa makala za majarida makubwa ya tiba, walikadiria kwamba matokeo ya uongo yalikuwa karibu asilimia 14. Nao walipingwa vikali. Kichwa cha insha ya Ioannidis chatamkwa kwa uhakika uleule ambao insha yenyewe yawashutumu wengine kuwa nao. Hata hivyo, mwaka 2015, wanasaikolojia walipoyarudia majaribio 100 yaliyochapishwa, asilimia 97 ya yale ya mwanzo yalikuwa yamevuka mpaka, na marudio yaliyovuka yalikuwa asilimia 36 tu. Shtaka lilikuwa na mashahidi, ingawa hukumu iliandikwa kabla hawajasikilizwa.

Chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kueleza nini thamani ya p yaweza kusema na nini haiwezi. Mwaka 2019 wahariri wa jarida lake walishauri maneno «significant kitakwimu» yaachwe kabisa. Wenye neno wamelichoka neno lao. Basi ni ajabu kwamba Kiswahili, ambacho hakikulazimika kulirithi, chaendelea kulitunza kwa sura ya «muhimu».

Kongo ina sababu yake ya kulifikiria jambo hili. Tarehe 20 Novemba 2018, katika mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, lilianza jaribio lililoitwa PALM, likiongozwa kwa pamoja na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, na taasisi ya afya ya Marekani. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Ile ya tatu chimbuko lake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Wagonjwa 681 waliandikishwa huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na kila mmoja alipangiwa dawa kwa kura.

Kwa kura: neno hili lilipita bila taabu katika vikombe vya Fisher. Katika Beni halikuwa jepesi. Mwezi Desemba 2018, wiki chache baada ya jaribio kuanza, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazingepiga kura pamoja na nchi nzima, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Uchaguzi wa huko ulisogezwa hadi Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa. Watu waliandamana. Mfasiri aliyekaa mbele ya mgonjwa na jamaa zake, akitaka kueleza kwamba dawa haitachaguliwa na daktari wala na mgonjwa, alikuwa na «kura», neno ambalo mjini lilikuwa na jeraha, au «bahati nasibu», neno la wachezaji wa kamari. Lipi angelichagua? Kamusi za istilahi hazikumsaidia, kwa sababu hutoa neno moja kwa neno moja, wala hazimwoni mtu anayeambiwa.

Tarehe 9 Agosti 2019 bodi ya usimamizi ilishauri zile dawa mbili za kwanza ziachwe. Katika siku 28, kati ya wagonjwa 169 waliopewa ZMapp walifariki 84. Kati ya 175 wa remdesivir, 93. Kati ya 174 wa mAb114, 61. Kati ya 155 wa REGN-EB3, 52. REGN-EB3 iliongezwa baadaye, na kwa hiyo ililinganishwa na wale tu wa ZMapp walioingia wakati uleule, ambao walikuwa 154 na waliofariki 79. Uangalifu wa namna hii ndio uliokosekana katika mkahawa wa Kitaliano.

Matokeo hayo yataandikwaje kwa Kiswahili? Kusema «mAb114 ilionyesha tofauti muhimu» ni kufunika mambo mawili kwa kitambaa kimoja. La kwanza ni la hesabu: kama mAb114 na ZMapp zingekuwa na nguvu sawa, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea kwa nasibu mara 7 hivi katika majaribio 1000. Hapo pafaa kusemwa «tofauti yenye kuashiria», au tofauti yenye dalili. Wengine watapinga kwamba «dalili» ni mali ya hospitali. Kwa hakika huko ndiko ipatako ufasaha wake: homa ni dalili, na kila muuguzi wa Kongo ajua kwamba homa yaweza kuwa malaria, au tifoidi, au nyingine, na kwamba dalili humtuma mtu kupima, haimwambii amekwisha kupima. Jambo la pili ni la watu: vifo vilipungua kutoka karibu nusu hadi karibu theluthi. Hilo ndilo muhimu, na neno hilo litunziwe hapo. Palipo na homa ya namna hii kwa waliofika na virusi wengi mwilini, zaidi ya nusu walifariki hata kwa dawa zilizo bora. Nalo ni muhimu vilevile, ingawa haliingii katika muhtasari wa makala.

Bado pana mtego wa upande wa pili. Kati ya asilimia 35,1 ya mAb114 na 33,5 ya REGN-EB3, tofauti ni ndogo mno kuashiria lolote kwa wagonjwa wachache kiasi hicho. Mwanafunzi aliyezoea «muhimu» ataandika kwamba «hakuna tofauti muhimu», na msomaji wake atapokea kwamba dawa hizo ni sawa. Jaribio halikusema hivyo, wala halikuwa na watu wa kutosha kulisema. Kiswahili kina kitenzi kifaacho, na kwa mnyambuliko mmoja tu hutenganisha kisichokuwapo na kisichoonwa: haikuonekana tofauti.